Naomba Kitabu, Usiniandike

Wanangu mnaoanza kazi ya maktaba, mkuu wenu aliponiomba niwaandikie machache kabla kumbukumbu hazijanitoka, nadhani alitaka niwaeleze habari za mchwa. Hizo ninazo. Karafuu haziwafukuzi mchwa. Nilizipanga kwenye rafu miaka mingi kwa sababu kila mtu aliniambia ni dawa, na mchwa wa Chake Chake wakaendelea kula vitabu, sasa vikiwa na viungo. Kinachosaidia ni kuiweka rafu mbali na ukuta kwa upana wa kiganja na kuchungulia nyuma yake kila wiki. Basi, mchwa wamekwisha. Sasa niwaambie ninachotaka mimi.

Nilikuwa mkutubi kwa miaka thelathini na ushei, na katika miaka hiyo nilisoma vitabu vichache mno. Msinicheke. Nilichokuwa nikisoma ni kadi.

Enzi zetu hakukuwa na kompyuta. Ndani ya jalada la nyuma la kila kitabu tulibandika mfuko mdogo wa karatasi, na mfukoni mna kadi. Ukiazima, naandika jina lako kwenye kadi hiyo, nagonga muhuri wa tarehe, naiweka katika kisanduku mezani pangu. Ukirudisha, nagonga muhuri tena, kadi inarudi mfukoni. Kwa hiyo kila aliyekifungua kitabu baada yako alijua kwamba ulikisoma, lini, na ulikaa nacho siku ngapi. Watu wa mji wetu hawakuchelewa kuligundua hilo. Mtu anaingia, anatoa kitabu rafuni, anaruka kurasa zote, anakwenda moja kwa moja nyuma. Bwana mmoja aliimaliza maktaba nzima kwa namna hiyo. Katika ripoti ya mwaka niliandika kwamba ari ya usomaji imepanda.

Aliyenifundisha kazi, Bi Mgeni, hakuwa na mchezo huo. Kila kitabu kilichorudi, alichovya brashi nyembamba katika wino mweusi akalipaka jina la aliyekiazima mpaka lisisomeke hata ukiiinua kadi juani. "Kitabu kimesharudi," alikuwa akisema. "Jina libakie kutafuta nini?" Mimi nilimwona anamaliza wino wa serikali bure. Alipostaafu alinikabidhi ufunguo, muhuri na brashi. Brashi nikaifanya ya kupangusia vumbi.

Ndivyo nilivyogeuka kuwa mtu wa kujua. Nilijua nani kila mwezi anarudia kitabu cha tafsiri ya ndoto, na nilijua mwalimu gani wa hisabati anasoma riwaya za mapenzi alizozifunika kwa gazeti. Sikumwambia mtu, na kwa hilo nilijiona mwaminifu. Nilitabasamu tu kwa namna fulani, na watu wakawa wananisalimia kwa heshima ambayo baadaye ndipo nilipokuja kulijua jina lake. Ilikuwa hofu.

Kabla sijaendelea: majina nitakayoyataja si yao, vyeo nimevibadili, na wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki. Mkikaa kitako kutafuta nani ni nani, mtaishia kwa mtu asiyehusika, na huyo mtakuwa mmemdhulumu kama nilivyodhulumu mimi.

Asubuhi moja alikuja Bi Raya. Ni mama wa makamo wa huku kwetu Wawi, wa ukoo wenye asili ya Omani uliokuwa na mashamba makubwa zamani. Mashamba yalikwenda, desturi ya kuchungua nasaba za watu ikabaki. Alikuwa akimlea binti wa kaka yake, Zuwena, na wiki hiyo ilikuwa imeletwa posa. Mposaji ni Hamad, karani wa bandari ya Wesha, kijana mpole, mmoja wa wasomaji wangu wa kila wiki.

"Sabalkheri, Bwana Maktaba."

"Sabalkheri, Bi Raya. Karibu kitini."

Akaketi, akaweka mezani kisahani kilichofunikwa kitambaa. Harufu ilijitangaza yenyewe: halua.

"Nimekuja kuulizia msomaji wako mmoja. Huyu Hamad wa bandarini."

"Hamad mtu mzuri."

"Watu wazuri tunao tele. Ati, yeye hasa husoma nini?"

"Bi Raya, hizo ni siri za ofisi."

"Naam, siri. Ndiyo maana nakuheshimu." Akakisogeza kisahani upande wangu.

Sikufungua mdomo. Naomba hilo lieleweke. Nilifungua kisanduku, nikatoa kadi tatu za vitabu alivyokuwa navyo Hamad wakati ule, nikazipanga mezani zikimwelekea mgeni wangu, kisha nikainuka kwenda kufunga dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, kwa hiyo kazi ya kulifunga ilinichukua muda. Niliporudi, kadi zilikuwa zimenyooka vilevile na Bi Raya amekaza midomo. Vitabu vyote vitatu vilikuwa vya ugonjwa wa kifafa.

"Ahsante," akasema. "Wala hukunambia kitu."

"Wala sikukwambia."

Tukaagana sote wasafi. Halua niliila.

Wiki hiyohiyo posa ikarudishwa kwa maneno laini, kwamba binti bado anataka kusoma. Zuwena alikuwa na miaka ishirini na minne, fundi cherehani mwenye wateja wake, na hakuna aliyejua anataka kusoma nini. Lakini sababu ya kweli ilienea kwa kunong'onezana, na wakati huo watu wengi walikichukulia kifafa kama doa la ukoo mzima.

Hamad alikuja na vitabu vyangu vitatu mkononi. Akaviweka mezani, na juu yake akaweka kadi yake ya uanachama.

"Nifute, Bwana Maktaba."

"Kwani kuna nini, Hamad?"

"Hakuna kitu. Nimechoka kusoma."

Hakunigombeza wala hakuinua sauti. Alikitazama kile kisanduku cha kadi, akanitazama mimi, akaaga vizuri na kuondoka. Ningefurahi angenitukana.

Siku ya tatu yake akaja Zuwena. Aliingia kama anayetafuta gazeti, akangoja mpaka wasomaji wawili waliokuwepo wakatoka, ndipo akaja mezani.

"Shikamoo, Bwana Maktaba."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba kitabu. Lakini usiniandike."

Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna aliyewahi kuniambia neno hilo. Nikamwuliza kitabu kipi.

"Vile vitatu vya Hamad."

"Nani kakwambia habari za vitabu vya Hamad?"

"Shangazi. Na shangazi kaambiwa na nani, weye wajua zaidi."

Nikajifanya napanga kalamu. "Unavitakia nini?"

"Nataka kujua mtu mwenye kifafa anatunzwaje. Akianguka, nimlaze upande gani. Dawa zake zipi, na anakatazwa nini."

"Mwanangu, posa si imerudishwa?"

"Karudisha shangazi," akasema. "Mie sijarudisha kitu."

Nikaenda rafuni, nikavileta. Mkono ulikwenda kwenye kalamu kwa mazoea na nikaurudisha. Zuwena alivitia katika mfuko wa vitambaa vya kushonea, akavifunika kwa kanga, akatoka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuazimisha kitabu bila kuandika jina, na nilichungulia mlangoni kama mwizi.

Baada ya siku nne alivirudisha.

"Nimevisoma vyote. Halazwi chali, hulazwa ubavu, wala hatiwi kitu mdomoni. Na si ugonjwa wa kuambukiza." Akaviweka mezani. "Lakini Hamad haumwi, Bwana Maktaba. Nilimtuma dada yake akamuulize. Kajibu kwamba yeye mzima, anamwazimia mtu asiyeweza kuja mwenyewe, na mtu huyo hawezi kumtaja."

"Umemwamini?"

"Nimemwamini. Shangazi ndiye hataki. Anasema kila mwenye aibu huwa na rafiki asiye na jina."

"Na mbona waniambia mie?"

"Kwa sababu kadi zimetoka katika kisanduku chako," akasema, akakionyesha kwa kidole.

Nikafunga maktaba mapema, nikaenda Wesha. Chombo kilikuwa kinashusha saruji na Hamad amesimama juani na orodha ya mizigo, nywele zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Nikamvuta pembeni ya ghala.

"Hamad, nisikilize. Mtaje huyo mtu kwa Bi Raya. Yeye peke yake, faragha."

"Faragha ya Bi Raya naijua sasa."

"Basi nitajie mie. Nitakwenda kwa mwenyewe nimwombe akusemee."

Akanitazama usoni. "Nikutajie weye?"

Basi, hilo tu. Vibarua walipita na mifuko mabegani, nami nikawapisha. Kisha akanionea huruma, akaongeza: "Ni mtu anayejulikana, Bwana Maktaba. Ana kazi yake na watu wanamtazama. Aliponiomba nimwazimie kwa jina langu, nilimbishia. Nilimwambia njoo mwenyewe, Bwana Maktaba hatoi siri ya mtu. Yeye akanambia, we andika jina lako tu."

Nilirudi Chake nikiwa na hesabu moja kichwani na haikubali kutoka. Kumsafisha Hamad kulihitaji jina jingine liwekwe mahali pa lake. Jina la mgonjwa sikulijua, na hata ningelijua, ningekuwa nafanya dhambi ileile mara ya pili kwa nia njema. Katika mji mzima kulikuwa na jina moja tu nililokuwa na haki ya kulitoa.

Asubuhi yake nilipiga hodi kwa Bi Raya. Alidhani nimerudisha kisahani, na kweli nilikuwa nacho.

"Bi Raya, nimekuja kusahihisha jambo. Vile vitabu vya kifafa hakuvisoma Hamad. Nilivisoma mimi. Niliona haya kujiandika, nikatumia jina lake, na yeye akanisitiri."

"Vitabu vyako? Wewe, mwenye maktaba?"

"Mimi."

Akarudi nyuma hatua moja. "Weye una kifafa?"

"Ninacho," nikasema.

Siku ya halua sikusema uongo hata herufi moja, na niliivunja nyumba ambayo ilikuwa bado haijajengwa. Siku hii nilisema uongo mtupu mchana kweupe, na ndiyo kazi safi kuliko zote nilizofanya maktabani. Pimeni wenyewe. Mimi huku nimemwachia Mola.

Bi Raya alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa kukaa juu ya kosa lake. Alikwenda kwa mama yake Hamad siku hiyohiyo, na baada ya mwezi mmoja Zuwena na Hamad waliozwa. Nilialikwa. Waliniketisha mbali na majiko, nisije nikaangukia motoni.

Maana habari ilienea, wanangu. Ilifika nyumbani kwangu kabla yangu. Nilimkuta mke wangu, Salma, amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Nimekaa nawe miaka kumi na minane," akasema. "Hicho kifafa umekipata wapi, baina ya kwa Bi Raya na hapa?"

"Salma, mimi mzima. Ila kuna mtu nimemchukulia."

"Mtu gani?"

"Simjui."

"Humjui! Umejitia maradhi ya mtu usiyemjua! Na hawa mabinti zako wawili? Nani atakuja kuposa hapa sasa?"

Wiki nzima alinipakulia chakula bila kusema neno, na alikuwa na haki. Kulikuwa na watu wa Mkoani waliokuwa wameshadokeza kuhusu binti yetu mkubwa, Maryam. Wakanyamaza. Maryam alilia chumbani kwake nami nikamsikia kupitia ukutani. Alikaa miaka mitatu ndipo akaja kijana wa Wete ambaye, alipoambiwa habari za baba mkwe, alikwenda kumuuliza daktari kwanza, akarudi na posa. Huyo ndiye mkwe wangu, na simbadilishi. Lakini ile miaka mitatu siwezi kumrudishia Maryam.

Mambo mengine yalikuwa ya kuchekesha. Nilikatazwa kupanda ngazi ya rafu. Msikitini waliniachia nafasi kila upande, ili nikianguka nianguke kwa raha. Mvuvi mmoja wa Fundo aliniletea mizizi, akanionyesha namna ya kuichemsha, na akawa anarudi kuuliza maendeleo. Na msaidizi niliyemwomba kwa barua tisa bila kujibiwa, nililetewa ndani ya wiki mbili, kwa sababu haikufaa mgonjwa afanye kazi peke yake.

Tatizo ni kwamba watu waliniuliza maswali na mimi nilikuwa sijui kitu kuhusu maradhi yangu. Nilikuwa nafeli mtihani hadharani. Kwa hiyo nilivichukua vile vitabu vitatu nikavisoma, kutoka ukurasa wa kwanza, na jina langu nikaliandika kwenye kadi kwa herufi kubwa. Niliona aibu kuona jinsi vilivyoandikwa vizuri. Miaka yote nilikuwa nimekaa juu ya ghala nikisoma lebo za magunia.

Na nilinunua wino. Kila adhuhuri, wasomaji wanapopungua, nilitoa kadi rafu baada ya rafu nikawa nayapaka majina ya watu. Miezi saba. Msaidizi wangu alidhani ni sehemu ya ugonjwa, na sikumsahihisha.

Nyinyi mtaniambia, mzee, sasa tuna kompyuta, ina neno la siri. Na mimi nilikuwa na kisanduku chenye kufuli. Kufuli haikusaidia kitu, kwa sababu mwenye ufunguo alipenda halua. Mkijaaliwa kuchagua, kitabu kikirudi futeni jina, na msilihifadhi mahali pengine eti kwa takwimu. Andikeni kwamba kitabu kimesomwa, inatosha. Akija mkubwa, mzazi, mume au mke kuuliza, msijibu kwa mdomo, wala kwa nyusi, wala msigeuze kioo cha kompyuta upande wake mkaenda kufunga dirisha. Na akija mtu akasema msimwandike, msimuulize kwa nini. Mimi niliuliza, na sikuwa na haki hata ya hilo.

Miaka miwili baada ya arusi ile, Jumapili moja baada ya sala ya alasiri, alikuja nyumbani kwangu mgeni ambaye hakuwahi kufika. Nitamwita Mzee Seif. Alikuwa mkuu wa ofisi moja hapo mjini, mtu ambaye akiingia mahali watu huinuka. Salma alileta kahawa, akamtazama, akanitazama, akaondoka shingo upande. Mgeni akazungumza habari za mvua, akazungumza habari za barabara, mpaka aliposikia mlango wa uani umefungwa.

"Nimesikia kuhusu hali yako," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Sikuja kukupa pole. Nimekuja kuuliza tu." Alikizungusha kikombe bila kunywa. "Kabla haijakushika, huwa inakuja harufu? Kama ya karatasi inayoungua?"

Nilikuwa nimeshaulizwa mengi. Watu waliniuliza kama inauma, kama ni majini, kama nimekosana na mtu. Swali hili hakuna mtu mwenye afya aliyewahi kuniuliza. Nililijua kwa sababu limo katika kitabu cha pili kati ya vile vitatu, na limeandikwa pale kama jambo analolijua mwenyewe mgonjwa.

Nikamtazama mikono. Mikavu, safi, bado inakizungusha kikombe. Ningeweza kumwambia ukweli: Mzee Seif, mimi mzima, nilisema uongo. Lakini angejua kwamba nimemtambua, na angeinuka, akavaa viatu vyake na kurudi kwenye upweke wake, na safari hii asingekuwa na kijana wa kumwazimia vitabu wala mtu wa kumuuliza.

"Husemwa hivyo," nikajibu. "Wengine harufu, wengine mwanga."

Akaitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama aliyepata barua aliyoingoja.

"Na yako," akauliza taratibu, "ilikuanzia wapi?"

Nikatafuta neno ambalo si uongo.

"Kazini," nikasema.

"Hata mie," akasema Mzee Seif. "Ofisini. Bahati nilikuwa nimefunga mlango."

Akavua kofia, akaiweka gotini, akaanza kunieleza. Alizungumza kama mtu aliyebanwa pumzi kwa miaka, na mimi nikasikiliza, mpaka Salma alipotokea kuuliza kama mgeni atakula nasi.

Alikula.